Kichwa hakiachi kuuma na unasahau sahau? Huenda ni tegu wa nguruwe

Mbeya na Iringa kitimoto hakikosi wateja, na vijijini bado kuna nguruwe wanaoachiwa wazurure. Wakila kinyesi cha mtu mwenye tegu, nyama yao hujaa vifuko vyeupe vya lava.

Ukila nyama hiyo ikiwa haijaiva vizuri, mnyoo hukua tumboni, mara nyingi bila wewe kujua. Balaa lenyewe ni mayai yake. Hutoka na choo kikubwa, yakafika mikononi, kwenye maji, hata kwenye kachumbari. Ukiyameza, lava husafiri na damu hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto kabisa anaweza kuugua, kisa tu anakula sahani moja na mwenye mnyoo asiyenawa mikono.

Dalili huweza kuchelewa miaka: kifafa, kichwa kuuma kusikoisha, na kwa wengine kumbukumbu kupungua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa palipo na tegu kwa wingi, takriban asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa chanzo ni huyu mdudu. Halafu mtu anaambiwa karogwa!

Ukihisi dalili hizi, usijitibu kwa dawa za minyoo za dukani. Lava wakifa kwa pamoja, ubongo unaweza kuvimba. Daktari hupiga picha ya kichwa kwanza, na akitoa dawa huambatanisha na za kuzuia uvimbe.

Na buchani, ukiona punje nyeupe ndani ya nyama, usinunue.