Kigoma, Stesheni ya Bujumbura

Bujumbura haijawahi kuwa na reli. Stesheni yake iko ng'ambo ya mpaka, Kigoma, na kwa zaidi ya miaka mia moja mzigo wetu umepitia huko. Kwa hiyo historia ya stesheni ile ni yetu pia.

Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Februari 1914 ikafika Ziwa Tanganyika, baada ya kilomita zipatazo 1,250. Jengo lao kubwa la stesheni lingalipo, pale Barabara ya Lumumba inapoanzia. Reli hiyo hiyo ndiyo iliyobeba vipande vya meli ya Goetzen, ambayo leo tunaiita Liemba.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, lakini bahari ilibaki upande wa Waingereza. Mkataba wa Machi 1921 ukawapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Maeneo hayo yakaitwa Belbase. Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Nyerere alikataa kufungwa na mkataba huo: Mwingereza, aliyekabidhiwa nchi kwa muda tu, hakuwa na haki ya kutoa ardhi yake milele. Alisema kweli. Tena hakuifunga njia. Mizigo ya Burundi iliendelea kupita.

Pale Kigoma reli inaingia hadi gatini. Behewa husimama kando ya meli, mzigo ukahamia melini kuja kwetu, na magunia ya kahawa yetu yakashuka kuelekea Dar es Salaam. Thamani ya njia hiyo tuliionja kwa uchungu kuanzia 1996, majirani walipotuwekea vikwazo baada ya mapinduzi ya Julai. Mafuta ya gari yaliadimika, bei zikapanda, na aliyeumia zaidi ni mwananchi wa kawaida.

Sasa reli mpya ya kutoka Uvinza hadi Musongati, yenye urefu wa kilomita 282, mkataba wake umetiwa saini tangu Januari 2025, na mpango ni kuifikisha baadaye Gitega na Bujumbura. Tuipokee kwa furaha. Lakini gati la Kigoma litunzwe pia, maana mfanyabiashara mdogo wa Buyenzi na Rumonge bado atahitaji ziwa.