Adhabu ya kusema "sijui"

Ndugu zangu, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Tuzungumzie ndoo ya ute wa kijani.

Februari 1979 kituo cha CJOH cha mjini Ottawa, Kanada, kilianza kurusha kipindi cha vichekesho kiitwacho You Can't Do That on Television. Maana yake ni kwamba mambo hayo hayafanyiki kwenye luninga! Mbunifu wake alikuwa Mwingereza, Roger Price. Waigizaji karibu wote walikuwa watoto wa pale pale mjini. Les Lye aliigiza baba, mwalimu, afande na hata mpishi wa baga za kutia kinyaa. Baadaye akaja Abby Hagyard kuigiza akina mama.

Mtu mmoja kubeba nafasi zote hizo nadhani kuna maana kuliko kubana matumizi. Kwa mtoto, baba, mwalimu na afande ni mtu yule yule: kazi yao kuamrisha. Kuna kichekesho kilichorudiwa sana. Mtoto amefungwa kwenye nguzo, afande yuko tayari kutoa amri apigwe risasi. Mtoto anamzungusha kwa maneno mpaka risasi zinamgeukia afande mwenyewe. Mnyonge hana bunduki, ana mdomo.

Halafu kulikuwa na sheria mbili. Ukitamka neno "maji", unamwagiwa maji. Ukisema "sijui", unamwagiwa ute mzito wa kijani, kuanzia utosini.

Hapa ndipo pananigusa. Nani kati yetu hajawahi kusimamishwa darasani, akasema sijui, akachekwa au akala viboko? Kipindi kile kiliichukua aibu hiyo, kikaikuza mpaka ikaonekana upuuzi mtupu. Mtoto aliyeloa alikuwa anatucheka sisi tunaodhani kutojua ni kosa la jinai.

Mwaka 1982 Nickelodeon ya Marekani ikaanza kukirusha nchi nzima, na kikawa kipindi chake kilichopendwa kuliko vyote. Mwaka 1986 alipita humo binti mmoja wa Ottawa, Alanis Morissette, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa muziki katika miaka ya 1990. Lakini mzaha ulikuwa na mipaka: toleo la 1987 kuhusu watoto wa kuasiliwa liliudhi, na Nickelodeon ikaliondoa hewani.

Kipindi kilikoma 1990. Ute ukabaki, ukawa nembo ya Nickelodeon. Katika tuzo zake za Kids' Choice, mastaa humwagiwa ute huo mbele ya kamera, na kwao ni heshima.

Watoto wanafurahi, sawa. Ila adhabu imegeuka tangazo. Aliyekuwa akimwagiwa ni mtoto asiye na jibu. Siku hizi ni staa aliyejiandaa kutabasamu. Lile swali la kwa nini mtoto aadhibiwe kwa kutojua limeoshwa pamoja na ute.

Vichekesho vya watoto unavyovitazama wewe vinamcheka nani, mtoto au mwenye fimbo? Karibuni tujadili.