Upatu, Wakfu na Hisa: Juhudi za Jamii Kulinda Uchumi wa Kaya Kisiwani Unguja, 1872–2020

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna kaya za Unguja zilivyojikinga na madeni na upungufu wa kipato tangu kimbunga cha mwaka 1872 hadi kusimama kwa utalii mwaka 2020. Inalinganisha mikopo ya rehani iliyotoka nje ya jamii na taratibu tatu za ndani: upatu, wakfu na vikundi vya hisa. Hoja kuu ni kwamba tofauti kati ya mkopo uliojenga kaya na ule ulioibomoa haikuwa gharama yake peke yake, bali faida iliishia mikononi mwa nani na nani alikuwa na nguvu ya kuudai. Insha inaonesha pia kwamba taratibu za watu wenye kipato cha aina moja huyumba pale dhiki inapowakumba wote kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Historia ya uchumi wa Zanzibar imeandikwa zaidi kama historia ya biashara na mashamba. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu, alieleza jinsi mtaji wa wafanyabiashara ulivyoufunga uchumi wa visiwa hivi na soko la dunia. Frederick Cooper, mwaka 1980, alifuatilia maisha ya waliokuwa watumwa baada ya kugeuka kuwa wakulima wasio na hati katika mashamba ya mikarafuu. Kazi hizi zimetupa msingi imara. Hata hivyo, kipimo chake ni shamba, tabaka na dola. Kaya huonekana pembeni tu.

Kuitazama kaya ya Unguja kunahitaji tahadhari moja ya awali. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyotawala mambo ya ndoa na mirathi visiwani, mali ya mke haichanganyiki na ya mume. Mume anawajibika kulisha, kuvisha na kupatia makazi; mahari, dhahabu, urithi na pato la mke ni vyake mwenyewe. Kwa hiyo kaya moja ina mifuko miwili. Mfuko wa mume ndio ulioonekana katika madaftari ya wakopeshaji na ripoti za serikali ya kikoloni. Mfuko wa mke ulizunguka katika njia nyingine, na aghalabu haukuacha karatasi: upatu ukishamfikia mtu wa mwisho, hapana tena sababu ya kutunza orodha. Ukimya huo wa nyaraka umewafanya watafiti waamini kwa urahisi kwamba historia ya ustawi wa kaya ni historia ya deni la shamba. Insha hii inajaribu kuzisoma njia hizo mbili pamoja.

2.0 Deni la shamba na sheria za mwaka 1934

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mkarafuu mchanga huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na hata ukikomaa hauzai sawasawa kila mwaka. Mwenye shamba aliyetaka kupanda upya alihitaji fedha za miaka ya kusubiri. Baada ya hadhi ya kisheria ya utumwa kufutwa mwaka 1897, alihitaji pia fedha za kuwalipa wapaliliaji na wachumaji. Wenye fedha hizo walikuwa wafanyabiashara wa Mji Mkongwe, wengi wao wenye asili ya Kihindi, ambao nao walikuwa wadaiwa wa nyumba kubwa za biashara.

Kwa kuwa riba ni haramu katika Uislamu, mkopo ulivalishwa vazi la mauziano. Katika bei ya khiyari, mwenye shamba alimuuzia mkopeshaji shamba lake kwa sharti kwamba anaweza kulikomboa ndani ya muda uliokubaliwa. Wakati huohuo alibaki shambani kama mpangaji na kulipa kodi. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa riba kwa jina jingine. Mavuno yakiwa mabaya au bei ikishuka, muda ulipita na khiyari ikafa. Muhimu kwa hoja yetu ni mwelekeo wa fedha: kila kodi iliyolipwa ilitoka katika kaya na kwenda moja kwa moja nje yake, wala haikurudi hata siku mlipaji alipopatwa na shida.

Mdororo wa dunia wa miaka ya 1930 uliifanya hali hii iwe jambo la serikali. Mwaka 1932 C. F. Strickland, mtaalamu wa ushirika aliyepata uzoefu wake Punjab, aliwasilisha ripoti kuhusu ushirika na hali ya kilimo Zanzibar. Mwaka 1934 zikatungwa sheria zilizozuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika kuhamishiwa kwa watu wa jamii nyingine bila idhini, zilizosimamisha kwa muda ukusanyaji wa madeni, na zilizoipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyoundwa mwaka 1927, mamlaka makubwa katika biashara ya zao hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi waliziona kuwa ni sheria za ubaguzi. Serikali ya India ilimtuma K. P. S. Menon kuchunguza athari zake mwaka huohuo, na mgogoro ukaishia katika mgomo wa kutonunua karafuu wa 1937–1938, uliopata nguvu kwa sababu India ilikuwa soko kubwa la karafuu za Zanzibar.

Katika mabishano hayo yote, aliyehesabiwa kuwa mdaiwa wa kuokolewa alikuwa mwenye shamba. Mkulima asiye na hati, aliyelima muhogo chini ya mikarafuu ya mwenziwe, hakuwa na ardhi ya kuwekewa kinga. Mchumaji wa msimu hali kadhalika. Wala mke wa mwenye shamba, ambaye bangili zake za dhahabu zilitangulia kwenda rehani kabla ya shamba, hakutajwa. Serikali ilitafuta ustawi wa kaya katika hati ya ardhi, na kaya nyingi za Unguja hazikuwa na hati.

3.0 Ng'ambo: kodi ya kiwanja na mzunguko wa upatu

Ng'ambo ya kijito kilichoutenga Mji Mkongwe, wengi walikuwa na nyumba za udongo na makuti walizojijengea wenyewe juu ya viwanja vya wengine. Nyumba ilikuwa yao, ardhi haikuwa yao. Kodi ya kiwanja ilipozidi kupanda katika miaka ya 1920, wapangaji, wanawake wakiwa miongoni mwao, walikataa kulipa. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu burudani na siasa mjini Zanzibar, ameuchambua mgomo huo wa mwaka 1928 na kuonesha jinsi mitandao ya mtaa ilivyowawezesha watu wasio na chama rasmi kusimama pamoja. Kwa madhumuni ya insha hii, mgomo huo unathibitisha jambo moja: mtaa ulikuwa na uwezo wa kumshikilia kila mtu katika ahadi yake bila mahakama. Uwezo huohuo ndio mtaji wa upatu.

Neno upatu katika Kiswahili hutaja sahani ya shaba ipigwayo ngomani na pia mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu. Utaratibu wake ni mwepisi. Watu 12 wakikubaliana kutoa shilingi 10,000 kila wiki, kila wiki mmoja wao hupokea 120,000, mpaka zamu iwafikie wote. Mkusanyaji, aitwaye kijumbe, hupita nyumba kwa nyumba. Zamu hupangwa kwa kura au kwa haja: mwenye harusi, mwenye mtoto wa kusomeshwa au mwenye paa linalovuja huweza kuombewa atangulie.

Kiuchumi, anayepokea mwanzo amekopeshwa na wenzake bila riba, na anayepokea mwisho amejiwekea akiba. Katikati ya hao wawili kila mmoja ni mkopeshaji na mdaiwa kwa kiasi tofauti. Hakuna faida inayotoka nje, kwani hakuna mtu wa nje. Dhamana si ardhi wala dhahabu, ni uso: anayepokea akaacha kuchangia hatapata tena wa kumwingiza mchezoni, na habari zake zitafika kwenye harusi na msibani. Ndiyo maana upatu ulikwenda sambamba na desturi nyingine za kuchangiana, kama vile kutunza harusini na kutoa ubani kwa wafiwa. Fedha zilizotolewa kwa njia hizo hukumbukwa, na aliyetoa hutarajia kutolewa siku yake ikifika.

Ni lazima kuutofautisha upatu huu na michezo ya piramidi ambayo katika miaka ya karibuni imechukua jina lake. Mfano unaojulikana zaidi Tanzania Bara ni DECI, ambayo shughuli zake zilisimamishwa na Serikali mwaka 2009. Katika piramidi, malipo ya wa mwanzo hutegemea kuingia kwa watu wapya wasio na kikomo, na aliye juu hafahamiani na aliye chini. Upatu wa mtaa una idadi iliyofungwa na mwisho unaojulikana. Sheria au mjadala unaoviita vyote viwili upatu bila kutenganisha huwatia doa wanawake wa mtaani kwa kosa lisilokuwa lao.

4.0 Wakfu katika Mji Mkongwe

Upatu hutatua haja ya mtu mmoja kwa wakati wake. Haja ya kudumu, kama makazi ya mjane au matunzo ya yatima, ilikuwa na chombo kingine. Mwenye wakfu aliitoa nyumba, duka au shamba katika umiliki wake moja kwa moja, isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na pato lake liende kwa msikiti, kizazi chake, waliokuwa watumwa wake au maskini. Wanawake wenye mali walikuwa miongoni mwa waliotoa wakfu. Matokeo yake ni kwamba nyuma ya milango ya nakshi ya Mji Mkongwe waliishi pia watu wa hali ya chini, kwa kodi ndogo au bila kodi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kiingereza uliiweka mali hii chini ya Kamisheni. Usimamizi ulipata hesabu na maandishi, lakini uamuzi uliondoka mikononi mwa waliomjua mnufaika kwa sura. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Kamisheni iliendelea, na leo inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2007 kama Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ikishughulikia pia zaka na mirathi. Tatizo kuu la nyumba za wakfu ni la hesabu: kodi inayomfaa maskini haitoshi kuitengeneza nyumba ya mawe na chokaa. Tangu Mji Mkongwe uingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, thamani ya majengo imepanda kwa ajili ya utalii. Kila nyumba ya wakfu imekuwa mahali pa kuamua kama pato kubwa la hoteli litumike kuhudumia maskini wengi, au maskini aliyemo abakie alipo.

5.0 Mwani na sanduku lenye kufuli tatu

Mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa ajili ya kuuza nje kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani zikiwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Wakulima walikuwa, na wangali, wanawake kwa wingi mkubwa. Kipato chao hakifuati mwezi wa mshahara bali bamvua, maji yanapotoka mbali na kuwaruhusu kufunga mbegu kwenye kamba. Kwa mara ya kwanza fedha taslimu za zao la nje ziliingia kwanza katika mfuko wa mke wa kijijini.

Katika mazingira hayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la CARE lilianzisha vikundi vya kuweka na kukopa katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, ambao pamoja na ghuba ya Chwaka ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Mfumo wenyewe ulitoka Niger, ulikoanzia mwaka 1991. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kutokana na mfuko huo, huweka mfuko mdogo wa maafa, na mwisho wa mzunguko hugawana vyote kwa kadiri ya hisa. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo huwa kwa watu watatu tofauti. Sanduku hufunguliwa mbele ya wote.

Wanawake wa Unguja hawakuupokea mfumo huu kama kitu kigeni. Zamu, kikomo na dhamana ya uso walivijua tangu kwenye upatu. Kipya kilikuwa nyongeza inayolipwa juu ya mkopo, nayo ilizusha swali la riba. Hapa ulinganisho na bei ya khiyari unafaa. Wanaoitetea nyongeza hiyo husema kwamba fedha zote humrudia mlipaji na wenzake siku ya mgao, wakati kodi ya bei ya khiyari haikurudi kamwe. Wanaoikataa hushikilia kwamba jina na njia havibadilishi hukumu. Insha hii haina nafasi ya kutoa fatwa. Inabainisha tu kwamba wanakijiji wenyewe waliligusa swali ambalo sheria za 1934 hazikuligusa: faida ya deni inakwenda kwa nani?

6.0 Mipaka: dhiki ya wote

Taratibu hizi zina udhaifu unaotokana na nguvu yake. Watu wanaofahamiana vya kutosha kuaminiana mara nyingi hufanya kazi moja. Bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1980, baada ya Indonesia, mnunuzi mkubwa, kujitosheleza, majirani wote wa mashambani walikosa kwa pamoja. Aina ya mwani yenye bei bora, kotonii, ilipoanza kufa katika maji yenye joto la pwani ya mashariki, walioathirika walikuwa wanachama wa sanduku moja. Utalii uliposimama Machi 2020, upatu wa wafanyakazi wa hoteli ulikosa wachangiaji wiki moja kwa wote. Dhamana ya uso haiwezi kutoa fedha ambazo hakuna aliyenazo.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba kaya za Unguja hazikungoja sheria ili kujilinda, na kwamba sheria zilipokuja ziliwalinda wenye hati peke yao. Mkopo wa bei ya khiyari ulibomoa kwa sababu faida yake ilitoka nje na mdai hakuwa na sehemu katika dhiki ya mdaiwa. Upatu na hisa vilijenga kwa sababu mdai na mdaiwa walikuwa watu walewale. Lakini vyombo hivi viwili vinakidhi dhiki ya mmoja, si ya wote. Dhiki ya wote inahitaji mali isiyotegemea msimu wala kazi moja, na hiyo ndiyo sifa ya wakfu.

Kwa hiyo, sera inayokusudia kuimarisha vikundi vya kijamii Unguja isiishie kuvisajili na kuviunganisha na benki, hatua ambayo inaweza kumrudisha mdai wa nje mlangoni. Ichunguze pia namna pato la wakfu na zaka linavyoweza kuvifikia vikundi hivyo msimu unapowaangusha wanachama wote. Watafiti, kwa upande wao, wana kazi ya haraka zaidi: kukusanya simulizi za vijumbe wazee wa Ng'ambo na vijiji vya pwani, ambao kumbukumbu zao ndizo nyaraka pekee za mfuko wa pili wa kaya.