Suti ya Kaunda mbele ya jopo la usaili

Tarehe 28 Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliwatangazia wabunge kwamba suti za Kaunda hazina nafasi ukumbini. Mbunge mwanamume sharti avae koti, shati la mikono mirefu lenye kola, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Wakati huo Rais William Ruto alikuwa akionekana mara kwa mara ndani ya suti hiyo hiyo.

Amri ile iliwahusu wabunge, lakini kijana aliyeitwa kwenye usaili naye hujiuliza: nivae nini nisionekane nimedharau? Jibu analopewa karibu kila mahali ni suti nyeusi au ya bluu iliyokoza, shati jeupe na tai. Jibu hilo si la kale kama linavyosikika. Katika Afrika Mashariki limeshageuzwa mara kadhaa, na lililoligeuza ni siasa.

Tuanzie Unguja. Zama za utumwa, mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanaume wengi walioachwa huru walivaa kanzu na kofia, wakatembea mjini watu wawaone. Hilo ndilo lilikuwa vazi la heshima. Kisha nyumba za wakoloni zikawavisha watumishi wao wa jikoni na mezani kanzu nyeupe iliyofungwa mkanda kiunoni, na vazi la muungwana likageuka sare ya mpishi. Karani wa ofisini akapewa kaptula ya kaki na soksi za kufika magotini. Suruali ndefu na tai vikabaki alama ya bwana mkubwa, na ya Mwafrika aliyesoma hadi akakaribia meza yake. Nadhani hapo ndipo tai ilipopata nguvu iliyo nayo mpaka leo kwenye vyumba vya usaili.

Uhuru ulipokuja, viongozi walitafuta vazi ambalo si la bwana wala la mtumishi wake. Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, alilipata karibu: koti la safari. Koti hilo lilitokana na mavazi ya kaki ya wanajeshi wa Uingereza waliotumikia India na Afrika. Yeye alilivaa kwa miaka mingi hadi watu wakalipa jina lake.

Litazame kwa karibu. Ni koti jepesi, mara nyingi la mikono mifupi, na halina bitana nzito. Kola iko wazi, kwa hiyo halidai tai, na unaweza usivae shati ndani. Suruali hukatwa katika kitambaa hichohicho. Mifuko hubandikwa kwa juu, miwili kifuani na miwili chini, yenye vifuniko na vifungo. Hapo ndipo fundi hujulikana: mfuko mmoja ukipanda kuliko mwenzake hata kwa nusu inchi, suti nzima inaonekana imepinda. Anayejua kazi hupima mifuko yote kwa chaki kabla ya kugusa cherehani.

Tanzania ililipokea vazi hili kwa moyo. Azimio la Arusha, la ujamaa na kujitegemea, lilitangazwa Februari 1967, na mwaka uliofuata kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa Dar es Salaam. Ofisa wa serikali wa miaka ya 1970 aliweza kuingia kikaoni na suti ya Kaunda asiulizwe tai yake iko wapi. Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mambo yalikwenda mbali zaidi: Rais Mobutu alipiga marufuku suti na tai, akawataka wanaume wavae abakosti, koti lisilovaliwa na tai. Amri hiyo ilidumu hadi Aprili 1990, alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Sioni tofauti kubwa kati ya kumlazimisha mtu avue tai na kumlazimisha aifunge.

Halafu Tanzania ikaingia kwenye uhaba wa bidhaa, na katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ikafunguliwa. Mitumba ikajaa. Kijana asiye na kipato akaweza kununua koti la Ulaya au Marekani kwenye soko la Karume kule Ilala, Dar es Salaam, kama mwenzake wa Gikomba kule Nairobi. Sina neno baya kwa mitumba. Imewavisha maelfu waliokuwa wakitafuta kazi yao ya kwanza. Lakini makoti mengi yaliyomo ni ya sufu yenye bitana, yaliyoshonwa kwa ajili ya baridi. Fundi anaweza kufupisha mikono na kubana kiuno. Mabega yakizidi, kuyarekebisha ni kulifumua koti lote, na gharama yake inaweza kupita bei ya koti lenyewe. Ndiyo maana utaona msailiwa amekaa Dar es Salaam mwezi Januari, jasho linamtiririka, mabega yamemwangukia, na jopo linamhesabia kwamba hajiamini. Hilo linaniuma.

Kwa benki na kwa kazi za uwakili, koti na tai bado vinatakiwa, na simshauri kijana apigane vita hiyo siku anayotafuta riziki. Kwingineko, hasa kwenye halmashauri, shule, viwanda na mashirika ya maendeleo, suti ya Kaunda iliyoshonwa vizuri inastahili kukaa mbele ya jopo bila kuombewa radhi. Achague kitambaa chepesi cha rangi moja, kijivu au bluu iliyokoza. Koti lifike usawa wa nyonga, lisishuke hadi mapajani. Na akienda kulipima kwa fundi, aombe kiti akae: usaili hufanyika mtu ameketi, na koti lililokaa vizuri amesimama linaweza kumvuta vifungo tumboni mara tu anapokaa.