Linamisi, au lina kwikwi?

Katika gereji za jua kali za Nyeri, Karatina na Nanyuki, fundi akisema "gari linamisi" amekwisha kusema mengi. Neno limetoka Kiingereza, likavaa viambishi vyetu vizuri: linamisi, lilimisi, halimisi tena. Maana yake ni moja: silinda haikuwaka ilipofika zamu yake. Huenda plagi imechakaa, koili imekufa au petroli haifiki.

Tatizo ni kwamba wenye magari tumelitandaza neno hili kupita kiasi. Injini inayovuma na kufifia yenyewe, mguu ukiwa mbali na pedali, haimisi. Hapo mara nyingi kuna hewa inayopenya mahali isipotakiwa. Ukiita hilo kumisi, utanunua plagi usizohitaji.

Wengine husema injini inakohoa. Mimi nachagua kwikwi, kwa kuwa kwikwi hukata pumzi mara moja, ghafla, kisha pumzi huendelea. Silinda nayo hufanya vivyo hivyo.

Basi ndugu msomaji, mweleze fundi unachosikia: "Lina kwikwi likipanda mlima," au "Linavuma na kufifia likiwa limesimama."