Selimundu, Malaria na Koo za Pwani
Katika ukanda wa joto wa pwani, Nanyamba mkoani Mtwara ikiwemo, malaria imesumbua watu kwa karne nyingi, nayo ndiyo iliyoufanya ugonjwa wa kurithi wa damu, selimundu, udumu katika koo. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba jeni ya selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini adimu nyanda za juu zenye malaria kidogo. Baadaye mwanasayansi Vernon Ingram aligundua kuwa hitilafu ni asidi amino moja tu katika protini ya himoglobini. Mtu atauliza: jeni inayoua watoto ilidumuje? Anayerithi nakala moja hukingwa dhidi ya malaria kali. Anayerithi mbili, kwa baba na kwa mama, ndiye huugua. Basi kumlaumu mama peke yake, au kusaka mchawi, ni dhuluma.