Uzito kusimama baada ya baipasi ya tumbo: kinachotokea mwilini na kwenye sahani

Wiki ya tatu baada ya upasuaji, mtu anapanda kwenye mizani asubuhi na kukuta namba ile ile ya juzi. Kesho yake hali ni hiyo hiyo. Anakula vijiko vichache tu kwa mlo, na uzito hausogei. Hapo wengi hufanya kosa moja: wanapunguza hata hicho kidogo, au wanaanza kunywa chai za kukondesha zinazouzwa mitaani.

Kwanza tuelewane kuhusu upasuaji wenyewe, maana huchanganywa na puto linalowekwa tumboni kwa miezi kadhaa kisha likatolewa. Katika baipasi, daktari hutenga sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kuacha kifuko cha takribani mililita 30, sawa na vijiko viwili vya mezani. Kifuko hicho huunganishwa na utumbo mwembamba sehemu ya chini zaidi, hivyo chakula hakipiti tena kwenye sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliuanza mwaka 1966. Siku hizi hufanywa kwa kamera kupitia matundu madogo.

Mbali na udogo wa kifuko, homoni za njaa na shibe nazo hubadilika. Ndiyo maana miezi ya mwanzo mgonjwa husahau hata kula.

Kusimama kwa mwanzo ni suala la maji

Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takribani gramu tatu za maji. Chakula kikipungua ghafla, akiba huisha na maji hutoka nayo. Kilo zinazoanguka wiki mbili za kwanza kwa sehemu kubwa ni maji hayo. Mwili ukianza kuyarudisha kidogo, mizani husimama hata kama mafuta yanaendelea kuyeyuka. Hali hii huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili au tatu, kisha uzito hushuka tena. Pima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, utaona tofauti ambayo mizani haionyeshi. Na usijipime kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha.

Kusimama kwa baadaye ni jambo jingine. Kwa kawaida uzito hushuka hadi kati ya mwezi wa 12 na wa 18, kisha hutulia. Mwili wa kilo 90 unahitaji nguvu kidogo kuliko wa kilo 130, na hujifunza kubana matumizi. Watu wengi hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito waliokuwa nao. Kwa hiyo aliyeanza na kilo 130 hutulia takribani kati ya kilo 87 na 98. Mtu aliyeahidiwa, au aliyejiahidi mwenyewe, kwamba atafika kilo 65 ataona ameshindwa wakati upasuaji wake umefaulu. Kwa maoni yangu, hesabu hii ingepaswa kuandikwa kwenye karatasi kabla mtu hajalipa hata senti.

Vinavyoteleza

Ikiwa uzito umesimama mapema, au umeanza kupanda, angalia vile ambavyo havikai kwenye kifuko. Kipande cha kuku hukaa na kukushibisha. Biskuti iliyochovywa kwenye chai, aiskrimu, juisi na uji wenye sukari huteleza moja kwa moja, na baada ya nusu saa unataka tena. Chai ndiyo mtego wetu. Vikombe vinne kwa siku, vijiko viwili vya sukari kila kimoja, ni vijiko vinane. Sawa na soda ya mililita 300. Hakuna anayehesabu chai kuwa chakula.

Sukari nyingi kwa mara moja inaweza pia kuleta jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kusokota na kuharisha, kwa sababu imeshuka kwenye utumbo kwa kasi.

Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina takribani gramu 6, hivyo mayai peke yake hayatakufikisha huko. Ongeza samaki, dagaa, kuku, maharage yaliyoiva vizuri, mtindi usio na sukari. Anza na hivyo, fuata mboga, na ugali au wali uje mwisho, tonge mbili tatu. Tafuna hadi chakula kilainike. Usinywe maji pamoja na chakula. Subiri nusu saa baada ya mlo, kisha yanywe kidogo kidogo hadi yafike lita moja na nusu kwa siku. Ukialikwa shughulini, mwenyeji atakuuliza kama chakula ni kibaya, na mtaani watanong'ona kwamba unaumwa. Jiandae na jibu fupi.

Kujinyima zaidi ili mizani isogee hula misuli, na mwili wenye misuli michache huchoma nguvu kidogo zaidi. Mazoezi ya kuinua vitu na kutembea husaidia kuilinda.

Vidonge vya vitamini na madini (B12, chuma, kalsiamu, vitamini D) ni vya maisha yote, hata uzito ukiwa umetulia. Epuka diklofenaki na ibuprofeni, zinazopatikana kirahisi duka la dawa, kwani huweza kusababisha vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Kutapika kusikokoma ni dharura: upungufu wa vitamini B1 huharibu neva na ubongo haraka. Maumivu makali ya tumbo, kinyesi cheusi au ganzi miguuni navyo si vya kusubiri.

Kuna waliofanyiwa India na kurudi nyumbani, daktari wao yuko mbali. Hao watunze ripoti ya upasuaji na watafute daktari wa karibu wa kuwapima damu angalau mara moja kwa mwaka. Uzito ukipanda mfululizo kwa miezi, anaweza kuagiza kipimo cha kamera ya tumbo kuona kama kifuko au maungio yametanuka.